Kilio Chini ya Uwanja wa Sherehe

Ukungu wa mwezi wa saba ukishuka hapa Nambis namna hii, mwanangu, nakumbuka siku moja ambayo ningependa kuisahau, ila kila mwaka ukungu wenyewe unanikumbusha. Sogea karibu na moto. Nipe huyo mtoto nimpakate wakati naongea. Umekuja kunialika kwenye ubatizo wake, ukanieleza kwamba mtaleta muziki mkubwa kutoka mjini, nami nikafurahi. Kisha ukaniuliza kama unatania tu: kwa nini mume wako, huyu Tluway wangu, hataki kabisa mtoto azibwe mdomo? Umesema Jumapili ulimziba kidogo tu kanisani ili asisumbue, Tluway akakushika mkono mbele za watu mpaka ukaona aibu. Haya. Nitakujibu, lakini jibu lake ni refu, na usiku wa leo unaweza ukakosa usingizi.

Miaka ile tulikuwa bado mkoa wa Arusha, Manyara haijazaliwa. Biashara ndiyo kwanza zimefunguliwa, na pale Mbulu mjini vitu vilikuwa vimejaa ghafla: mitumba, redio, viti vya plastiki, soda za kila rangi. Zamani sherehe ilikuwa pombe, nyama na nyimbo za kupiga makofi. Sasa kila mtu alitaka spika. Baba yenu Petro, Mungu amlaze pema, alikuwa mtu mpole sana, lakini kwa kujionyesha hakuwa na mpinzani. Tulipojaliwa binti, Paskalina, akaapa kwamba ubatizo wake utasikika mpaka Masieda. Mimi nilicheka, lakini moyoni nilipenda. Nilikuwa kijana, nani hapendi kuonekana?

Tulikuwa tunaishi kwenye tembe la wazee, lile lililochimbwa kwenye mteremko, ambalo kwa nyuma paa lake lililingana na ardhi hata mbuzi walikuwa wanapanda juu. Nyuma ya zizi la ndama palikuwa na magogo makavu yamelazwa, na juu yake miiba. Mama mkwe wangu, aliyekuwa mkubwa wa boma lile, alituambia neno moja tu: "Hapo msiguse." Hakusema kwa nini, nasi hatukuuliza. Kuuliza si ujinga, nakubali, lakini kumuuliza mama mkwe wangu jambo mara ya pili, wee, kulihitaji moyo.

Siku ya ubatizo kuni zikapungua. Vijana wakaangaza macho, wakaona magogo makavu yamekaa bure. Nani aliwaruhusu? Mpaka leo kila mmoja anamtaja mwenzake. Yaliwaka vizuri sana magogo yale, na pilau yote iliivia pale. Tuliila na kuisifu.

Tuliporudi kutoka kanisani ukungu ulikuwa unapanda kutoka bondeni. Tluway alikuwa na miaka mitatu, amevaa shati jeupe la mitumba lililomzidi mikono. Mimi nilikuwa nimempakata Paskalina, nasalimia wageni, shikamoo hapa, marahaba pale, mdomo umekauka. Nikamwambia wifi yangu Marselina, "Mwangalie Tluway." Marselina akamwangalia mpaka alipoitwa kugawa chakula, akamkabidhi kwa bibi yake. Bibi naye akaitwa kuwapokea wazee, akamsukumia Petro. Petro akamwambia, "Nenda kacheze na wenzako." Unaona, mwanangu? Hakuna aliyekosea sana, na hilo ndilo linalonitisha mpaka leo. Husemwa kwamba wapishi wengi huharibu mchuzi. Basi na walezi wengi hupoteza mtoto.

Kufikia saa nane mchana ukungu ulikuwa umefunika uwanja wote. Mtu akisogea kidogo unamwona nusu, akisogea tena humwoni. Ulikuwa unasikia kicheko pembeni yako na hujui ni cha nani. Lakini muziki ulikuwa juu, jenereta linanguruma, watu wanaruka mpaka ardhi inatikisika, na hakuna aliyejali hali ya hewa. Niliona hata kikombe changu cha chai kinatetemeka.

Kisha kaseti ikaisha upande. Fundi wa muziki akainama kuigeuza, na katika ule upenyo mdogo nikasikia kilio. Chembamba, kinatoka mbali, kama mtu analia ndani ya mtungi. Maziwa yakanishuka palepale yakalowesha kitenge changu kipya. Wewe unanyonyesha, unajua mwenyewe, mtoto akilia titi linajibu kabla ya akili. Nikamtazama Paskalina nimtulize. Alikuwa amelala fofofo.

Mzee mmoja jirani yetu, aliyekaa karibu nami, alishusha kibuyu chake taratibu. Na yeye alikuwa amesikia. Lakini hakutazama kulia wala kushoto, alitazama chini, katikati ya miguu yake.

"Usiitike," akaninong'oneza. "Hao ni wa chemchemini. Sauti usiyemwona mwenyewe haijibiwi."

Ndivyo tulivyolelewa wote hapa. Chemchemi ina wenyewe, na huwa wanaita watu kwa sauti za ndugu zao, na anayeitika anafuata. Mimi nilikuwa Mkristo, binti yangu ametoka kumwagiwa maji asubuhi ileile, lakini fundisho lile lilikuwa bado limekaa kwenye mifupa yangu. Nikanyamaza. Mungu anisamehe, nikanyamaza kweli. Fundi akarudisha kaseti, ngoma ikaanza, watu wakaruka tena juu ya ile sauti.

Ndipo nikakitazama kitenge changu kilicholowana. Nikajiambia, wewe mwanamke, tangu lini maziwa yakamshukia shetani? Nikasimama.

"Tluway yuko wapi?"

Marselina akasema, "Si yuko na bibi?" Bibi akasema, "Si nilimpa baba yake?" Petro akageuka kulia na kushoto ndani ya ukungu, sahani mkononi, nyama mdomoni, na nikaona uso wake unabadilika. Watoto wenzake walikuwa wote pale nyuma ya viti, wanagombania vizibo vya soda. Yeye hakuwepo. Nikawaambia nimesikia kilio, kama kinatoka chini.

Mama mkwe alikwenda moja kwa moja kwa fundi wa muziki. "Zima hiyo."

"Shikamoo, bibi. Wimbo huu ukiisha tu..."

"Nimesema zima. Na hilo jenereta."

Shikamoo yenyewe hakuiitikia. Kukawa kimya. Akageukia watu akapaza sauti, "Kaeni chini wote mlipo! Asikanyage mtu!" Na watu wote, na nguo zao za kanisani, wakakaa kwenye tope. Yeye akalala kifudifudi, yule mama mwenye heshima zake, akaweka sikio kwenye ardhi.

Hapakuwa na kilio tena.

Kimya kile, mwanangu, usiombe. Nilitamani kusikia analia, nikatamani kuliko nilivyowahi kutamani chakula. Badala yake nikasikia kitu kingine, kutoka chini, taratibu: sss, sss, vile mtu mzima anavyomtuliza mtoto. Wengine walisema baadaye zilikuwa kuni mbichi kule jikoni zinatoa mvuke. Huenda. Lakini mama mkwe alikuwa na sikio ardhini, na niliona mkono wake unang'ang'ania majani. Halafu ile "sss" ikakatika, na mara hiyohiyo mwanangu akalia kwa sauti ambayo sijui aliitoa wapi: "Maaamaaa!"

"Naam!" nikaitika kwa nguvu zangu zote. "Niko hapa, mwanangu! Nakuja!" Yule jirani akafunika uso.

Mama mkwe alishainuka. "Magogo," alisema. "Nani ametoa magogo?"

Tulikimbilia nyuma ya zizi. Pale palipokuwa na magogo palikuwa na mdomo mweusi wa shimo, mwembamba, unashuka kwa mteremko kuelekea chini ya uwanja wetu. Lilikuwa handaki la wazee, walilochimba zamani ili wajifiche humo wezi wa ng'ombe wanapokuja na mikuki. Petro alijaribu kuingia, mabega yakakwama. Nikamwachia Marselina mtoto, nikaingia mimi kwa tumbo, na tochi, nikimwita njia nzima. Mle ndani kulikuwa na baridi ya kukata, na harufu ya majivu, majivu ya moto wa watu ambao hata Petro hakuwajua. Nikamkuta Tluway ameketi, mgongo ameuegemeza ukutani. Nilipopitisha mkono nyuma yake kumvuta, niliugusa ule ukuta na ulikuwa na baridi kama jiwe la mtoni. Lakini mgongo wa Tluway ulikuwa na joto, mwanangu. Joto la mtu aliyepakatwa.

Tulipotoka nilimkumbatia mpaka akalalamika. Nililia bila aibu. Bibi yake akamfuta udongo usoni akamuuliza, "Ulikuwa na nani huko?"

"Na bibi."

"Bibi mimi hapa."

"Siyo wewe. Yule wa ndani." Akaweka kiganja chake kidogo juu ya mdomo. "Alinishika hivi. Akasema nyamaza, ng'ombe wanapita juu. Halafu akatoa mkono. Akasema, lia. Lia sana mama yako asikie."

Mama mkwe alikaa chini palepale. Nilidhani ameanguka. Ndipo akatuambia, mbele ya Petro ambaye naye alikuwa hajawahi kusikia, kwa nini magogo yale yaliwekwa. Bibi wa baba mkwe wangu alijificha mle na wanawake wenzake na watoto, wezi wakipita juu na ng'ombe. Kitoto chake kikaanza kulia. Akakiziba mdomo kwa kiganja ili wote wasiuawe, akakiziba mpaka kishindo kilipokwisha. Alipoondoa mkono, mtoto alikuwa hapumui. Wenzake wote walipona. Yeye aliishi mpaka uzee, na hakuna siku aliyotumia mkono ule wa kulia kulishia mtoto. Yeye ndiye aliyeomba pale pazibwe.

"Kosa ni langu," mama mkwe alisema. "Niliwaambia msiguse, sikuwaambia kwa nini. Neno la kukataza lisilo na sababu ni uzio wa majani, ng'ombe mwenye njaa anaula." Kisha akanigeukia. "Na wewe, mama Tluway. Ulisema mwangalie, kisha hukuuliza tena yuko na nani. Mtoto hupewa mtu, hapewi watu. Leo amelindwa na aliyekufa kwa sababu sisi wazima tulikuwa tunacheza."

Ilikuwa kweli tupu.

Muziki haukuwashwa tena siku ile. Waliokuwa hawajala walikula wakinong'ona, na fundi alifungasha spika zake bila kuagwa. Jioni mama mkwe akapeleka kibuyu cha maziwa pale mdomoni mwa handaki akamimina yote, na katekista wetu, ambaye hakuwa mtu wa kukosa kuona kitu, akawa anakagua mawingu. Kesho yake pakazibwa kwa mawe.

Basi sikiliza, mwanangu. Siku ya ubatizo wa huyu, kabla hujafikiria kitambaa cha meza, tafuta msichana mwenye akili ambaye kazi yake ni moja tu, huyu mtoto. Asigawe soda, asioshe sahani. Akichoka, amkabidhi mwingine kwa mkono na kwa jina, na wewe uambiwe. Watoto wakubwa wale kwanza, kabla ya wageni, maana mtoto mwenye njaa ndiye anayetangatanga. Masufuria ya moto yawe upande ambao watoto hawapiti. Tembea kiwanja chote siku moja kabla, tazama mashimo, ndoo za maji, mapipa ya pombe, na lile shimo jipya la choo mlilochimba, ambalo nimeliona, msifikiri sijaliona. Muziki pigeni, sikatazi, lakini kila baada ya muda uzimwe, watu wasikilize. Mwambieni fundi mapema. Na ukimkataza mtoto kitu, mweleze sababu, hata ukiona bado mdogo.

Kuna methali, mchelea mwana kulia hulia yeye. Watu huitumia kuhalalisha fimbo. Mimi nilijifunza upande wake mwingine: anayeogopa kilio cha mtoto, akakizima ili wageni wasisumbuke, ipo siku atakitafuta asikipate. Mtoto akilia, itika kwanza. Ni nani na anataka nini, utajua ukifika.

Sasa lile swali lako. Tluway hakumbuki kitu cha siku ile, nimemuuliza mara nyingi. Hatukumsimulia pia. Bibi yake alikataza, na safari ile alitupa sababu, kwamba mtoto asibebeshwe mzigo wa marehemu. Lakini mwezi uliopita nilikuja kwenu, wewe umekwenda kisimani, huyu mdogo anahangaika kitandani anataka titi. Nikasimama mlangoni. Nikamwona Tluway amemwinamia, anamwambia sikioni, polepole, "Lia. Lia sana mama yako asikie."

Mimi maneno hayo sikumfundisha, mwanangu. Nilirudi nyumbani bila kubisha hodi.

Haya, huyu naye ameamka, anakuita. Mchukue. Mungu akupe maziwa yasiyokauka na sikio lisilosinzia. Sherehe yako ijae watu mpaka viti vikose, na jua likizama kila mtoto awe kifuani kwa mtu anayemjua jina. Na yule mama wa chini, popote alipo, nimemwombea kila mwaka mkono wake upumzike. Nawe mwombee.