Magofu ya Nyumba za Mama Mkwe

Katika kikundi cha mtandaoni cha watu waliocheza mchezo mmoja wa kompyuta, hakuna aliyemjua kwa jina lake. Walimwita Tofali, kwa sababu kitu cha kwanza alichowachorea kilikuwa ukuta. Mchana alifanya kazi katika duka la uchapaji, akipanga kadi za harusi na mabango. Jioni, vyombo vikishaoshwa, alivuta kiti karibu na cha mumewe, fundi simu, wakawasha kompyuta.

Mchezo wenyewe ni wa mikakati: unajenga mji, unalisha watu wake, unakusanya askari, unamvamia jirani kabla hajakuvamia. Waliouunda waliujaza nyumba za nchi za baridi, mapaa yamechongoka kama mikuki. Lakini mchezaji anaruhusiwa kuuongezea vitu vyake, na nyongeza hiyo huitwa modi. Mume na mke walikuwa wanatengeneza modi ya mji wa joto, wenye mapaa bapa, baraza na kuta nene. Mume alishughulika na hesabu, Tofali alichora. Kila jengo lilipaswa kuonekana kwa pembe kutoka juu, kama anavyoliona kunguru aliyetua kwenye nguzo ya umeme, mwanga utoke kushoto, kivuli kiangukie kulia. Ukikosea kivuli cha nyumba moja, mtaa mzima unaonekana umelewa.

Saa hizo zilikuwa zao wawili. Walibishana, walitaniana, chai ikapoa mezani.

Kisha mama mkwe akateleza bafuni kwake, akaumia goti, ikabidi aje kukaa nao. Alikuwa amestaafu kazi ya kuchora ramani katika kampuni ya ujenzi. Tofali alimpokea kwa mikono miwili, akampa chumba chenye jua, akawa anamkanda goti kwa maji ya moto. Mgeni njoo mwenyeji apone, alisema, na alimaanisha.

Jioni moja mama mkwe alijikongoja hadi sebuleni, akasimama nyuma yao. Kwenye kioo kulikuwa na ghala la nafaka ambalo Tofali alikuwa ametoka kulimaliza. Mama mkwe akauliza wapagazi watapitia wapi na magunia, maana mlango ule hata mbuzi mnene hapenyi. Mume akacheka mpaka akashika mbavu. Tofali naye akacheka, ila kicheko chake kiliishia menoni.

Kesho yake mama mkwe aliomba karatasi na penseli, akachora ghala lake. Lilikuwa na ngazi zilizolika katikati kwa kukanyagwa, na paa lenye kiraka. Mume alilipiga picha, akalituma kwenye kikundi. Sifa zikamiminika. Wakambatiza Bibi Ghala, na tangu siku hiyo wakawa wanauliza Bibi Ghala kachora nini leo. Hakuna aliyewahi kuuliza Tofali kachora nini.

Kiti cha pembeni kikawekewa mto, ili goti lipumzike. Tofali akahamia kwenye stuli. Halafu mume akamwambia, bila ubaya wowote, kwamba mama achore na yeye apake rangi, kwa kuwa mkono wake wa rangi ni mzuri. Tofali akaitikia sawa. Lakini alijiona kama fundi mwashi aliyenyang'anywa mwiko akakabidhiwa ndoo ya chokaa.

Wivu ukamwingia taratibu, kama maji yanavyopanda ukutani. Mume akisema "hebu ona hii," Tofali alisubiri kusikia kama neno litakalofuata ni mama au ni mke wangu. Dukani alichapa kadi ya harusi, jina la shemeji wa bwana harusi likakaa mahali pa bibi harusi. Majirani walimwambia ana bahati kupata mkwe asiye na maneno, na hilo lilimchoma zaidi, kwa sababu lilikuwa kweli. Mama mkwe alisifu chakula. Alimkunjia nguo zake. Utamchukiaje mtu anayekukunjia nguo?

Ndipo mama mkwe akachora soko, kazi yake nzuri kuliko zote. Tofali akalipaka rangi ileile ya udongo wa ardhi ya mchezo. Ukilisogelea lilipendeza, ukiutazama mji kwa mbali, kama wachezaji wanavyoutazama, soko liliyeyuka. Alijua anachofanya. Modi ilipotolewa kwa majaribio, malalamiko yakaja. Mchezaji mmoja alipoteza mji mzima kwa sababu adui alichoma soko yeye hata hajaliona. Wakaandika kwamba safari hii Bibi Ghala amechapia. Tofali alisoma sentensi hiyo mara ya pili, kwa utamu. Alipoirudia tena, utamu haukuwepo.

Jumamosi asubuhi, mume akiwa kwenye kibanda chake cha simu, mama mkwe aliomba aonyeshwe hilo soko. Akalitazama muda mrefu.

"Rangi hii umeichagua kwa macho, mwanangu, au kwa moyo?"

Tofali alikuwa na uongo mkononi, kwamba vioo vya kompyuta havilingani. Haukutoka.

"Kwa moyo, mama."

Mama mkwe hakufoka. Alisema ndiye aliyemfundisha mwanawe kushika penseli, na tangu aoe, kila akimpigia simu anajibiwa kwamba yuko na mkewe wanachora.

"Nilipoletwa hapa nilikiona kiti chako," alisema. "Nilijua ni chako. Nikakikalia."

"Basi nirudishie."

"Kiti nitakurudishia. Penseli sirudishi."

"Na mimi sipaki tena rangi nyumba zako," Tofali akasema.

Mama mkwe akasema ni haki, atajifunza kupaka mwenyewe.

Jioni ile mume aliwakumbusha kwamba kila jengo linahitaji picha yake likiwa limebomolewa na adui, na hakuna aliyetaka kazi hiyo. Nani atoe jasho kwa magofu? Tofali akasema yeye atachora. Akaanza na ghala la mama mkwe. Alilitoboa paa, akavunja ngazi, akamwaga nafaka hadi barabarani, kwa raha ambayo alikuwa ameisahau. Lakini ili nyumba ianguke vizuri ilibidi ajue inasimamaje, kwa hiyo akawa anaenda chumbani kuuliza nguzo hii inabeba nini. Mama mkwe alimjibu kila swali, huku akikunja uso kama mtu anayeng'olewa jino.

Wachezaji walianza kuandika kwamba wanaona uchungu miji yao ikianguka. Mmoja alikiri kuacha mji wake uvamiwe makusudi, apate tu kuyaona magofu, akauliza ni kazi ya nani.

Goti lilipopona mama mkwe alirudi kwake, akawa anatuma michoro kwa simu. Wivu wa Tofali haukufunga virago pamoja naye. Juzi iliingia picha ya jumba la mfalme, lenye ua wa ndani na ngazi za kuzunguka, na mume akaita, "Njoo uone mama alivyochora." Tofali alikuja, akaliona ni zuri, roho ikamuuma. Akamwomba mume asogee kidogo, akakaa, akaanza kutafuta ukuta wa kuangusha kwanza.