Matunda Gani?

Nakumbuka siku moja niliyonunua beseni zima la matunda kwa sababu niliona haya kuuliza neno moja. Vuta hicho kiti, mwanangu, na hiyo simu iweke chini kidogo. Unga wa biskuti unataka kupumzika nusu saa, na mimi sipendi kumhadithia mtu anayetazama kiganja chake.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nimetoka kwetu Subukia kuja hapa Nakuru kujifunza upishi kwa Bi Zuhura. Alikuwa mjane, watu wao asili yao Mombasa, na biskuti zake za siagi zenye jamu katikati zilijulikana mji mzima. Idi ikikaribia, mlangoni pake walijaa Waislamu na Wakristo. Alinichukua kwa wiki moja ya kujaribiwa. Nikifaa, nabaki, nisipofaa, narudi nyumbani kukama ng'ombe. Na ng'ombe wetu, yule wa madoa, alikuwa na mateke ya makusudi. Nilitaka kubaki kuliko nilivyotaka kitu kingine chochote.

Siku ya sita Bi Zuhura akaitwa Elburgon, dada yake alikuwa mgonjwa. Na kesho yake wageni walikuwa waje kumposa binti yake, Mwanaidi, na biskuti hazijaokwa. Akaniambia akiwa mlangoni, "Wambui, siagi ipo, unga upo, iliki ipo. Kanunue matunda, upike jamu kama ile iliyoisha, ujaze biskuti. Nikirudi jioni nione mkono wako." Huyo akaenda zake.

Sasa sikiliza. Kwetu Subukia ukisema matunda, kila mtu anajua unasema yale ya mviringo, ganda la zambarau, mti wake unatambaa kwenye ua. Ukilipasua unakuta maji ya njano na mbegu nyeusi. Hayo ndiyo matunda. Mengine yana majina yao: ndizi ni ndizi, nanasi ni nanasi. Na ile jamu iliyoisha nilikuwa nimeiona mara moja tu, kijiko cha mwisho ndani ya chupa, na ilikuwa ya njano. Basi nikaenda sokoni, nikarudi na beseni limejaa.

Nilipoanza kuyapasua, swali likanijia. Mbegu zote hizi zitaenda wapi? Kile kijiko cha jamu nilichokiona hakikuwa na mbegu hata moja. Nikasimama na kisu mkononi nikiwaza. Zinachujwa? Zinayeyuka motoni? Mwanaidi alikuwa chumba cha pili, anapiga pasi nguo yake ya kesho. Ningepaza sauti kidogo tu, angenijibu. Lakini jana yake alikuwa amenicheka kwa kusema "ile kiti", na mimi nilikuwa bado nimenuna. Nikaona afadhali nikosee kimya kimya kuliko kuchekwa tena. Kosa langu lilikuwa hapo, mwanangu, si kule sokoni.

Nikachemsha na mbegu zake. Nikakanda siagi na sukari, nikatia viini vya mayai, unga na iliki, nikaviringa vidonge, nikabonyeza kila kimoja kwa kidole cha pete, vile nilivyomwona Bi Zuhura akifanya. Nikajaza jamu, nikaoka. Nyumba nzima ilinukia vizuri ajabu, nami nikajiona mpishi.

Bi Zuhura alirudi jua likielekea kuzama, akachukua moja, akauma. Tukasikia mbegu zikilia kwenye meno yake.

"Hii jamu ya nini?"

"Ya matunda."

"Matunda gani?"

"Matunda."

"Wambui, najua ni matunda. Matunda gani?"

"Matunda tu, Bi Zuhura. Yale yanaitwa matunda."

Mwanaidi alitokea mlangoni, amejiziba mdomo. Machozi yalikuwa karibu kunitoka, nikaokota ganda moja nikamwonyesha mama yake. Bi Zuhura akaligeuza, akaketi kwenye kile kiti.

"Haya ndiyo mnayaita matunda?"

"Kwetu, ndiyo."

"Mimi nilitaka mananasi." Mabega yakaanza kumtikisika. "Miaka ishirini ninaishi mji huu. Kila nikienda sokoni nikisema nataka matunda, wale kina mama wananisukumia hizi pasheni. Nikadhani zimewadodea, wanataka kunibambikia. Nimegombana nao mpaka nikachoka, na sikuwauliza hata siku moja."

Alicheka mpaka akajifuta macho. Halafu akanitazama.

"Ulipoziona mbegu, hukujiuliza?"

"Nilijiuliza."

"Ukamuuliza nani?"

Nikaanza kukusanya maganda mezani.

"Tunda halina neno," akasema. "Lakini ulikuwa na swali, na mtu wa kumuuliza yuko hapo, ukalimeza. Hilo silitaki jikoni mwangu."

Nikajua yamekwisha. Nikaanza kufungua aproni.

"Unakwenda wapi? Kesho alfajiri uje na swali moja. Kila siku, kabla hujagusa unga, uniulize jambo moja. Siku utakayokosa swali, ndiyo urudi kwenu."

Mwanaidi mwenyewe ndiye aliyekimbia kutafuta mananasi. Asubuhi tukaanza upya, na swali langu lilikuwa tayari.

"Bi Zuhura, kwa nini unabonyeza kwa kidole cha pete? Kwa nini si gumba?"

Akauinua mkono wake uliojaa unga, akakitazama kile kidole.

"Mama yangu alibonyeza hivi," akasema. "Miaka kumi na moja nilisimama ubavuni mwake. Sikumuuliza."

Mama yake alikuwa amezikwa Mombasa kabla mimi sijazaliwa.

Wageni walikuja, Mwanaidi akaposwa, na mimi nikabaki. Tangu hapo nimebonyeza biskuti kwa kidole hiki maisha yangu yote, na mpaka leo sijui kwa nini.

Kwa hiyo mwanangu, swali likikujia, lipeleke kwa mwenye kujua siku hiyo hiyo. Watakaokucheka wapo, lakini kicheko chao kitaisha hata kabla chai haijapoa. Vipimo vya siagi utavipata kwenye simu, sikatai. Ila kuna mambo yako kwa mtu mmoja tu, na mtu haachwi duniani akikungoja wewe umalize kuona haya. Nikijua nitakwambia. Nisipojua nitakwambia sijui, na hilo nalo ni jibu.

Mungu akupe mdomo usioogopa kuuliza, akuwekee wa kukujibu, na siku watoto wako watakapokuuliza, akujalie subira. Haya, unga umeshapumzika. Nawa mikono, lakini usiuguse kwanza. Niulize.