Mche Niliouficha Kwenye Majani ya Ng'ombe

Mwezi uliopita nilikwenda Mlalo kuhani msiba. Nikingoja gari la kushuka Lushoto, nikachuma jani la mkaratusi na kulikunja, kama nilivyozoea utotoni. Mshipa wake wa kati ulijaa vinundu. Nilicheka peke yangu, kisha nikaona haya, maana mimi na vinundu vile tunajuana.

Nilikuwa darasa la tano. Kila mwanafunzi alikuwa na miche yake kumi ya mkaratusi kwenye viriba, vile vimfuko vya plastiki vya kuoteshea, nyuma ya shule, na asubuhi tulichota maji mtoni kuimwagilia, vidole vikiuma kwa baridi. Majani ya miche yangu yalipoanza kuvimba, nilitamba. Niliwaambia wenzangu kwamba yangu ina mimba, itazaa kabla ya yao. Mwalimu alipasua kinundu kimoja kwa ukucha, akatuonyesha kifunza cheupe ndani. Alisema mama yake ni kinyigu mdogo mno, hutaga kwenye jani changa, nalo jani linavimba na kuwa nyumba ya mtoto. Akaamuru miche yote yenye vinundu ing'olewe ichomwe.

Mmoja, ule mrefu, sikuuchoma. Niliuficha ndani ya mzigo wa majani ya ng'ombe, nikaupanda mwisho wa safu ya mikaratusi michanga ya bibi. Safu ile ndiyo ingetoa nguzo za jiko jipya. La zamani lilivuja, na masika bibi alisonga bada, ugali wetu wa muhogo, akiwa na gunia kichwani.

Mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi niliumbuliwa na majani. Baada ya mvua safu nzima ilivimba, na bibi akaing'oa kwa jembe, mche mmoja mmoja. Wa mwisho alioung'oa, udongo wa mizizi ulikuwa bado una umbo la kiriba. Miche yake mwenyewe haikuwahi kukaa kwenye kiriba. Nikainamisha kichwa.

“Ulikuwa mzuri huu,” akasema. “Hata mimi ningeuficha.”

Jirani alipouliza, bibi alimjibu kuwa ni mambo ya Mungu. Nilimpenda siku ile kuliko siku zote. Masika yaliyofuata alipika vilevile kwenye jiko linalovuja, nami nilimshikia gunia bila kuagizwa.

Bibi alishafariki, na mteremko ule siku hizi unalimwa kabichi. Nina jiko la gesi chini ya bati zima. Lakini nikikosea sasa, lazima nijieleze kwanza ndipo nisamehewe.