Pikipiki ya Bwana Mifugo

Watu watatu waliniona mchana ule, na kila mmoja nilimuuliza peke yake, mwenzake asisikie. Wote wakanijibu jambo moja: kwenye pikipiki tulikuwa wawili, na mimi nilikaa nyuma. Lakini nilitoka Majengo, mtaani kwangu Mpanda, peke yangu, nikiendesha mwenyewe, na njia nzima sikumpakia mtu.

Najua unachotaka kusema. Utasema jua, au njaa, au majonzi. Hayo yote nilijiambia kabla yako, nikayachunguza moja moja, nikayaacha. Pombe situmii. Nilikuwa nimeshiba. Na haukuwa usiku, ilikuwa saa nane mchana, kiangazi, kweupe kabisa. Niamini au usiniamini, lakini nisikilize mpaka mwisho.

Miaka ile ya tisini, tukiwa bado Mkoa wa Rukwa, pikipiki za Mpanda ungeweza kuzitambua kwa mlio tu. Unakaa kibarazani umefumba macho, unasema, "Hiyo ya misheni, inakwenda Ilembo," na huwi umekosea. Niliyoipenda mimi ilikuwa ya bwana mifugo. Ilikuwa kuukuu hata wakati huo, tangi jekundu limepauka, kiti kimeshonwa kwa waya, injini ya zile za zamani zinazokunywa petroli iliyochanganywa na oili. Moshi wake ulikuwa wa buluu. Harufu ya moshi ule nikiinusa popote mpaka leo nageuka, kama mtu aliyeitwa jina lake.

Mimi nilikuwa fundi baiskeli, na bwana mifugo aliniamini. Nilimwoshea pikipiki, nikamchanganyia mafuta: kila chupa ya petroli, vizibo viwili vya oili. Alinisisitiza sana vizibo hivyo. "Ukisahau oili," alisema, "umeua injini." Ujira wangu ulikuwa Jumapili kuizungusha uwanja wa shule. Mara ya kwanza niliachia klachi ghafla, ikaruka kama ndama, nikaanguka na kuchubuka goti. Jumapili iliyofuata nikamaliza mzunguko mzima, upepo umeingia ndani ya shati, watoto wananikimbilia nyuma. Sijawahi kuwa tajiri kuliko siku ile.

Rafiki yangu Nkwabi nilimfundisha mimi, uwanja uleule, pikipiki ileile. Baba yake alikuwa mfugaji wa Kisukuma aliyehamia Mwamkulu na ng'ombe wake kutoka kaskazini. Nkwabi alijifunza haraka, ila kosa moja halikumtoka: akibadili gia hakupunguza mafuta, kwa hiyo injini ilipiga yowe kati ya gia na gia. Nilimgombeza, akacheka. Mimi Mfipa, yeye Msukuma, huku kwetu ni watani, na mtani hakasiriki.

Kisha bwana mifugo akapata uhamisho, akatangaza kuiuza. Alikuwa ameniahidi mimi. Nilikuwa bado nahangaika kutafuta pesa pale baba yake Nkwabi aliposwaga ng'ombe kwenda mnadani asubuhi moja. Mchana pikipiki ikawa ya Nkwabi.

Alikuja nayo kibandani kwangu, meno yote nje.

"Mfipa! Panda nyuma tukanywe soda."

"Nipe niendeshe mimi. Utatuua wewe."

"Wewe uendeshe ili iweje? Nyie Wafipa si mna ungo? Pikipiki ya nini?"

"Na nyie mnaipigia mluzi kama ng'ombe."

"Inaitika lakini! Haya, sogea nyuma. Kazi yako kushika kuku."

Tulicheka wote wawili. Lakini mimi nilikaa nyuma, juu ya kiti nilichokishona kwa mikono yangu, nikamtazama kisogo njia nzima. Unaujua wivu wa kuona kitu chako mkononi mwa mtu mwema? Angekuwa mbaya ningemchukia, yakaisha. Hakuwahi kunidharau. Alinipakia kila mahali, akaninunulia soda, akanitania. Usukani tu ndio hakunipa, hata mara moja. Nikawa nasikia ule mlio kutoka mbali, yowe kati ya gia na gia, na chakula kinakosa ladha.

Aliendelea kuniletea nimchanganyie mafuta. Jioni moja alileta chupa mbili za petroli, akaniachia pikipiki, akavuka barabara kwenda kusalimia watu. Oili ilikuwa pale pale, karibu na mguu wangu. Nikamimina petroli tupu.

Sikutaka mabaya makubwa. Nilitaka inoki, injini ikwame, ilale siku kadhaa, aje aniombe. Na ilinoki kweli, kabla hajafika kwao. Akaja kwa miguu kesho yake, hana habari. "Fundi, imekufa." Nikamwambia pistoni imekwama, vipuri labda Tabora, nitafuatilia. Sikufuatilia. Wiki ikapita, ya pili ikaingia, na nilikuwa nalala vizuri.

Wiki ile ya pili malaria ikampanda kichwani. Kwao Mwamkulu hakukuwa na chombo kingine. Walimfunga kwenye baiskeli usiku kwa kanga za mama yake, baba anasukuma, mjomba anamshikilia. Ingekuwa pikipiki wangefika hospitali haraka. Walifika jua limeshapanda, na Nkwabi alikuwa ameshakata roho njiani.

Hakuna aliyejua kuhusu oili. Nilijua mimi.

Matangani nilikwenda kama mtani. Kama hujaona msiba wa watani, nikueleze: mtani huvaa nguo za marehemu, humwigiza, huchekesha waliao. Tena huweza kukamata kitu cha marehemu akakikalia, akasema hakiachi mpaka kikombolewe. Wafiwa huleta kuku, anapokea, anaachia, watu wanacheka na msiba unapata nafasi ya kupumua. Nilivaa koti la Nkwabi na kofia yake. Nilitembea kama yeye. Mama yake, ambaye wote tulimwita Mayu, alicheka huku machozi yanamtoka. Watu walikuwa wengi kweli, na nikwambie jambo la aibu: nilimwonea wivu hata hapo. Nilijiuliza nani atanililia mimi namna hii.

Kisha nikaipanda pikipiki iliyosimama ukutani, nikasema sishuki. Wakaniletea jogoo mwekundu, mzuri. Nikasema, "Jogoo simtaki. Nataka pikipiki."

Wakacheka. Wakaongeza kuku jike.

"Simtaki. Pikipiki ni yangu."

Kicheko kilipungua kidogo kidogo. Watu wakaanza kuelewa kwamba sitanii. Sijasikia mtani mwingine aliyewahi kufanya hivyo, na wazee waliniangalia kama mtu anayekojoa ndani ya nyumba. Baba yake Nkwabi akasema taratibu, "Mwacheni. Achukue. Imekufa kama mwenyewe."

Niliisukuma mpaka Majengo nikiwa bado na koti la marehemu mwilini. Vipuri ambavyo nilidai havipo nilivipata Mpanda hapa hapa, siku ya tatu. Nikafungua injini, nikaweka pistoni na ringi mpya, nikachanganya mafuta kwa vizibo vile vya bwana mifugo, nikapiga kiki. Moshi wa buluu ukajaa kibandani. Nililia kwa furaha. Sikufichi kitu.

Kesho yake nikavaa koti lile, nikashika barabara ya Mwamkulu. Kwa nini Mwamkulu? Nilitaka nionekane. Nilitaka wale waliozoea kunisalimia nikiwa nyuma wanione mbele.

Nilipoanza kupita mashamba ya mpunga yaliyovunwa, shokapu za nyuma zilizama. Mwendesha pikipiki yeyote anajua: ndivyo inavyokuwa mtu anapopanda. Nilitazama nyuma, hakuna mtu. Nilipogeuza uso mbele, sauti ikasema, karibu kabisa na sikio, bila hasira, kwa mzaha uleule wa kila siku:

"Mfipa, sogea nyuma."

Na nikasogea. Hapa ndipo utakaponicheka. Utasogeaje nyuma kwenye pikipiki inayokimbia? Sijui. Najua tu kwamba mikono yangu haikuwa tena kwenye usukani. Ilikuwa imeshika kiuno cha mtu. Koti nililokuwa nimevaa mimi alikuwa amelivaa yeye, na mimi nimebaki na shati. Kupitia koti lile nilisikia joto. Si joto la jua. Ni lile la mgonjwa ukimshika paji la uso, unaondoa mkono haraka. Nilikiona kisogo, nilichokitazama kwa wivu miezi mingi. Akabadili gia, na injini ikapiga yowe.

Tukaenda. Nilimwona mama mmoja anaanua mpunga kwenye turubai, akasimama kututazama. Nilimwona mzee na mkokoteni wa ng'ombe. Nilimwona mwalimu juu ya baiskeli, akasogea pembeni, akapunga mkono. 

Kisha Nkwabi akaniuliza, kama mtu anayekumbuka jambo dogo la nyumbani:

"Mtani, oili uliweka?"

Nikasema, "Niliweka."

Akabadili gia. Tukapita shamba jingine.

"Oili uliweka?"

"Niliweka, Nkwabi. Vizibo viwili."

Joto likazidi mpaka nikahisi viganja vinaungua. Sikuweza kuvitoa. Mbele nikaiona nyumba ya kwao, na uzio wa miiba wa zizi. Akauliza mara ya tatu, na sasa hakukuwa na mzaha. Alikuwa amechoka, amechoka kama mtu aliyesukumwa kwenye baiskeli usiku kucha.

"Mtani. Oili uliweka?"

Nikapiga ukelele, "Sikuweka! Sikuweka!"

Injini ikazimika. Pikipiki ilikuwa imesimama kwa stendi yake katikati ya uwanja wa kwao, na mimi nimekaa kiti cha nyuma, miguu kwenye vikanyagio vya abiria, mikono imekumbatia hewa. Kiti cha mbele hakikuwa na mtu. Koti lilikuwa limekunjwa juu ya tangi, limelowa jasho chapachapa.

Mayu alikuwa amesimama mlangoni, ameshika ungo wa mchele.

"Hukuweka nini, mwanangu?" akaniuliza.

Nilimtazama. Ningeweza kusema pale pale. Neno moja tu lilibaki.

"Hakuna kitu, Mayu," nikasema. "Nimewarudishieni pikipiki."

Nikaondoka kwa miguu. Njiani nilimuuliza mama wa mpunga, nikamtafuta mzee wa mkokoteni, jioni nikaenda mpaka kwa mwalimu. Majibu yao nimeshakupa. Mwalimu alisema hata yowe la gia alilisikia, akadhani nimepakiwa na mgeni asiyejua kuendesha.

Viganja vyangu vilitoka malengelenge usiku ule, na ngozi iliyoota baadaye haina mistari. Sijaendesha pikipiki tena. Nimejaribu za watu mara mbili, nikapiga kiki, zikawaka vizuri tu, lakini kila nikishika usukani shokapu za nyuma huzama. Nashuka.

Kwa hiyo nikuonye wewe unayesoma. Ukiletewa jogoo msibani, pokea jogoo, cheka, nenda nyumbani. Na kama kuna mtu anayekupakia nyuma kila siku kwa moyo mweupe, na wewe unamtazama kisogo namna niliyomtazama mimi, shuka mapema, utembee kwa miguu. Kutembea hakuui mtu.

Haya niliyoyaandika hapa, Mayu hayajui. Kusoma hajui, na mumewe alishafariki. Pikipiki bado ipo uwanjani kwao, hakuna anayeigusa. Kila msimu wa mavuno Mayu hunitumia debe la mchele kwa mtu anayekuja mjini, na kila mara mtu huyo, akishautua mzigo, hujifuta jasho na kuniambia, "Halafu Mayu anauliza, hukuweka nini?" Mwaka huu mchele umeshafika. Aliyeuleta bado amekaa nje, anasubiri jibu arudi nalo.