Alama ya Mlangoni

Mimi ni dobi. Nafua nguo za watu uani, kwenye kamba nilizozifunga mwenyewe, na watoto wa majirani wananiita Mama Povu. Shule sikuiona. Kusoma nilijifunza ukubwani kwenye lebo za nguo, hii pamba, hii usipige pasi, na mpaka leo nasoma kwa shida. Lakini nguo za wateja wangu hazichanganyiki, maana kila mtu namtilia uzi wa rangi yake kwenye upindo. Mwalimu uzi mweusi, nesi uzi wa kijani, fundi viatu mwekundu. Nguo ikiingia kwangu chafu haitoki chafu. Hiyo ndiyo heshima niliyobaki nayo.

Msichana aliyeniletea habari za filamu ni binti wa mwanamke aliyechukua nafasi yangu. Baba yake alikuwa mume wangu, fundi redio, mtu wa maneno matamu dukani na mkono mzito nyumbani. Alipokufa, sikuitwa. Baadaye kidogo huyu binti akaja kupiga hodi, amebeba pasi yangu ya mkaa ndani ya mfuko wa plastiki.

"Mama mkubwa," akasema, "nimeambiwa hii ni yako."

Katika nyumba ile hakuna aliyewahi kuniita jina zaidi ya "yule". Nikamkaribisha chai. Akarudi wiki iliyofuata bila sababu, na iliyofuata tena. Alikuwa akiongea kuliko redio zote za marehemu baba yake, nikamwita Chiriku, naye akalipenda jina. Mimi sikujaliwa mtoto. Nilianza kuweka kikombe cha pili mezani kabla hajafika.

Chiriku alikuwa anasomea utengenezaji wa filamu chuoni, mwaka wa mwisho. Siku moja alikaa juu ya ndoo yangu akazungusha macho chumbani kama mtu anayetaka kupanga.

"Tunatakiwa kila mmoja atengeneze filamu fupi ya kumalizia masomo. Nataka yangu iwe ya mwanamke anayefua nguo za watu. Na nataka nipige picha humu humu. Dirisha lako linaleta mwanga mzuri sana."

"Hilo dirisha kioo chake kimepasuka."

"Ndiyo uzuri wake."

"Basi wewe unapenda vitu vilivyopasuka. Ndiyo maana unakuja kwangu."

Alicheka mpaka ndoo ikataka kupinduka. Mimi nilikuwa nimeshaanza kufikiria jambo jingine. Nikamwambia chumba nitampa, na kisa nitampa, ila nataka kitu kimoja kionekane. Nataka waone nikitupwa nje.

Nikamsimulia ile siku, kitu ambacho sikuwa nimemsimulia mtu aliyekubali kunisikiliza mpaka mwisho. Mvua ilikuwa imenyesha tangu asubuhi. Mume wangu alizoa nguo zangu kabatini, akazitupa barabarani, akatupa na beseni, kisha akanishika mkono akanitupa na mimi juu ya vitu hivyo. Nilikuwa nimevaa gauni la buluu lenye kola nyeupe. Tope lilinifika kifuani. Na mlangoni alikuwa amesimama mwanamke mwingine, mkono ameuegemeza kwenye mwimo, kama mtu ambaye tayari yuko kwake. Hakucheka wala hakusema kitu. Sitaki kumsingizia. Alisimama tu.

Nikaokota vyangu. Lakini kabla ya kwenda kwa mama yangu nikapita bombani, nikafua kila kitu, na gauni nikalifua likiwa mwilini, na mvua ilipokatika nikakaa juani mpaka likakauka. Niliona aibu kufika kwa mzazi wangu nikiwa kama mtu aliyeokotwa mtaroni. Basi mama akamwona mwanamke msafi, ana mzigo uliokunjwa vizuri. Na mume wangu alikuwa ameshatuma mtu kusema kwamba nimeichoka ndoa, nimeondoka kwa miguu yangu.

Mama aliniangalia toka juu mpaka chini. "Mtu aliyefukuzwa hafiki hivi," akasema.

Hakulirudia tena neno hilo, lakini alikufa nalo. Kaka zangu wanalo mpaka leo. Nikichelewa kikao cha familia wanaambiana, mwacheni, huyo alizoea kuondoka.

Chiriku alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, bila kuniangalia, "Na yule wa mlangoni. Lazima awepo?"

"Alikuwepo."

"Sawa, mama mkubwa. Itaonekana."

Yule wa mlangoni ni mama yake. Tulilijua wote wawili.

Maandalizi yakaanza, na chumba changu kikageuka uwanja. Alikuja na mwenzake wa kamera, kijana mrefu mpaka anainamia mlango, wenzake wanamwita Mlingoti. Walipima chumba kila upande. Walihamisha kitanda karibu na dirisha, wakakirudisha, wakakihamisha tena. Walitundika shuka nyeupe ukutani eti irudishe mwanga. Nikawauliza mwanga ulikuwa umekwenda wapi, Mlingoti akasema, "Mama, wewe ndiye ungestahili kutufundisha," akaendelea kupigilia misumari kwenye ukuta wangu.

Chiriku akaja na mwigizaji wa kuwa mimi, msichana mpole mwenye kucha ndefu zilizopakwa rangi. Nikamkalisha mbele ya beseni.

"Shika hapa, sugua na hapa. Usilipapase, hilo shati si paka."

"Kucha zangu zitakatika."

"Zangu zilikatika hujazaliwa. Sugua."

Nilifurahi siku zile. Nalisema wazi kwa sababu sikuwa na mazoea. Nilikuwa nikirudi kutoka kupeleka nguo nawakuta uani wanabishana, nani asimame wapi, nani aanze kusema, na wote wakinigeukia, "Mama mkubwa, ilikuwaje hapa?" Watu kuniuliza mimi ilikuwaje.

Maneno ya filamu yalikaa ndani ya kompyuta ya Chiriku, sikuweza kuyafuata. Lakini Mlingoti alibandika alama sakafuni kwa utepe wa njano, misalaba midogo, akanieleza kila mwigizaji ana msalaba wake, asipokanyaga hapo kamera haimpati. Mmoja ulikuwa kando ya kitanda, huo wangu. Wa pili katikati ya chumba, wa mume. Wa tatu mlangoni kabisa. Hiyo misalaba niliisoma vizuri kuliko lebo yoyote. Walipofanya mazoezi, Mlingoti mwenyewe akiwa mume, akamvuta yule msichana mkono kutoka msalaba wa kwanza hadi nje, nilitoka nikaenda kushikashika nguo kwenye kamba ambazo bado zilikuwa zinachuruzika maji.

Walipohitaji nguo nikafungua sanduku nikawapa gauni lenyewe, la buluu lenye kola nyeupe. Nililitunza miaka yote bila kulivaa. Chiriku alilipokea kwa mikono miwili.

Zikabaki siku chache waanze kupiga picha. Jioni moja niliporudi sikuwakuta. Kwenye kiti changu walikuwa wameacha mfuko, na ndani ya mfuko gauni langu limetapakaa tope, kola imekuwa rangi ya chai, upindo umefumuka kama limeburutwa kwenye mawe. Roho iliniuma. Nikasema, watoto hawa wamelidondosha kwenye mazoezi, wameona haya kuniambia. Nikalisamehe jambo papo hapo. Nikachota maji. Nikaliloweka, nikalisugua kola kwa sabuni ya kipande, nikatia buluu ya kufulia, nikashona upindo, nikatia wanga, na asubuhi nikawasha pasi yangu ya mkaa, ile ile aliyonirudishia, nikalinyoosha mpaka kola ikasimama yenyewe. Nikalikunja juu ya kiti na kuwasubiri, niwaone watakavyofurahi.

Mlingoti ndiye aliyeliona kwanza. Akacheka, halafu akashika kichwa. "Chiriku. Njoo uone."

Chiriku akaja akasimama mbele ya kiti. Ndipo nilipoambiwa. Tope lile walilipaka kwa makusudi. Walishinda na gauni chuoni, wakikausha, wakipaka tena, wakitia chai kwenye kola, ili lionekane la mtu aliyetupwa barabarani.

"Sasa si tope tu," nikasema. "Pale bombani lipo, nililimwaga mwenyewe. Nipeni nilichafue."

"Acha tu, mama mkubwa," Chiriku akasema. "Usijali. Tutaangalia."

Nilikuwa na nguo za nesi za kupeleka. Nikajitwisha kikapu nikaenda, na njia nzima nikijilaumu. Niliporudi walikuwa wakikunja waya. Nikatazama sakafu. Mlangoni hapakuwa na msalaba. Katikati ya chumba palibaki gundi tu, imeshika vumbi. Uliobaki ni mmoja, kando ya kitanda.

"Mbona misalaba imepungua?"

Mlingoti akanyanyua kamera yake akatoka nayo nje, na leo nadhani ndiye aliyekuwa na haya kuliko wote.

"Nimebadilisha kidogo," Chiriku akasema. "Mwanamke yuko peke yake. Anakunja nguo zake, anavaa gauni safi, anatoka. Gauni lilivyo safi lile ndilo lililonipa wazo. Inapendeza zaidi, mama mkubwa. Inampa nguvu."

"Anatoka mwenyewe."

"Ndiyo."

"Kwa miguu yake."

Akaendelea kukunja waya.

"Chiriku, hayo ni maneno ya baba yako."

"Wewe mwenyewe uliniambia ulifika kwa bibi ukiwa msafi."

Hapo nilikaa kitandani. Ni kweli nilimwambia, na nilimwambia ili aone nilivyoumia, si ili anifunge nayo mikono.

"Tope linapatikana," nikasema. "Usiniambie umekosa tope."

Akaanza kulia. Akasema mama yake amesikia habari ya filamu, na siku ya maonyesho atakaa mstari wa mbele pamoja na mashangazi. "Nitamwonyeshaje vile, amesimama mlangoni? Ni mama yangu. Ameshakuwa mtu mzima, anaumwa miguu. Wewe umeshavumilia, mama mkubwa. Yeye hawezi."

Nimevumilia, kwa hiyo niongezewe. Nimesikia hesabu hiyo maisha yangu yote, ila sikutegemea kuisikia kinywani mwake.

Akajifuta uso kwa kiganja. Akasema bado ananihitaji, kwamba yule mwigizaji hafui vizuri, basi watapiga picha mikono yangu tu, karibu, ikisugua, halafu wataunganisha na uso wake. "Mikono yako ndiyo filamu yenyewe," akasema, na nadhani alimaanisha.

"Rudisha msalaba wa mlangoni nikupe mikono."

"Siwezi."

"Basi na mimi siwezi."

Alikusanya vitu vyake taratibu. Alipofika mlangoni alisimama, nikadhani atasema neno. Alikuwa ameegemeza mkono kwenye mwimo bila kujua, na kwa kusimama kule alifanana na mama yake kabisa. Nikageuza uso. Nilipoangalia tena alikuwa ameshaondoka.

Walipigia picha kwingine. Nilijua kutoka kwa nesi wa uzi wa kijani, ambaye mpwa wake anasoma chuo hicho na alimpeleka siku ya maonyesho. Nilimkuta nyumbani kwake, akanipokea kikapu kwa bashasha.

"Mama Povu, ile filamu ya binti yako nimeiona. Yule mama anakunja nguo zake polepole, anatoka, hageuki nyuma. Watu walipiga makofi. Nikasema kumbe wapo wanawake wanaoondoka na heshima zao."

"Angalia kola ya hili gwanda," nikamwambia. "Lilikuwa na doa la iodini. Limetoka."

"Hujambo lakini?"

"Sijambo."

Chiriku hajaja tena. Kikombe cha pili huwa nakitoa, halafu nakirudisha. Msalaba wa kando ya kitanda bado upo, pembe zake zinaanza kunyanyuka kila nikipiga deki, na mimi nadeki kuuzunguka. Gauni nimelirudisha sandukuni kama lilivyokuwa, safi, kola imesimama, halina hata doa moja ninaloweza kumwonyesha mtu.