Siku ya Kwanza ya Kikombe

Mke wangu alinipa wiki mbili za kujifunza kumnywesha mtoto, nami nikazitumia kujifunza uongo.

Kazi yenyewe ilikuwa ndogo. Likizo yake ya uzazi ilikuwa inakaribia kuisha, na kule kiwandani alikokuwa akishona nguo walimwambia cherehani yake inamngoja, ila haitamngoja sana. Mimi ni mtu wa nyumbani. Nashonea shanga kwenye ndara za ngozi za tajiri mmoja wa Kariokor, ambaye huniletea mzigo na kuja kuuchukua mwenyewe, na kama si mkate sijui ni nini kingenitoa ghorofa ya tano. Kwa hivyo hatukubishana: yeye aende, mimi nibaki na mtoto. Mtoto alikuwa na miezi mitatu na siku kadhaa, na tangu azaliwe hakuwa ameonja kitu isipokuwa titi la mamake.

Nesi wa kliniki alikuwa amesema chupa hapana, kikombe. Chupa ina vipembe ambavyo haya maji yetu ya mtungi hayawezi kuvisafisha. Akawaonyesha wamama namna ya kumnywesha mtoto mdogo kwa kikombe. Nilikuwepo. Nilikuwa mwanamume peke yangu kwenye benchi, na kwa aibu nikainamia simu nikijifanya nasoma ujumbe mzito wa kikazi, mpaka somo likaisha.

Basi kila jioni mke wangu alijikamua nusu kikombe, akashuka kununua mboga, akaniachia uwanja. Jioni ya kwanza nilijaribu kweli. Nilimlaza mkononi, nikainamisha kikombe, nikamimina. Akatoa ulimi, maziwa yakamtiririka shingoni, akalia kama aliyeumwa na nyuki. Nikajaribu tena, hivyo hivyo. Yaliyobaki nikayamwaga kwenye sinki.

"Amekunywa?" mke wangu akauliza mlangoni, sukuma wiki mkononi.

"Amemaliza."

Alitabasamu mpaka nikaona haya kumrekebisha. Jioni ya pili nilijaribu kidogo, jioni ya tatu kidogo zaidi, na kufikia wiki ya pili nilikuwa naenda moja kwa moja kwenye sinki. Hata nikaanza kupamba. "Leo amecheua kidogo," nasema. Au, "Leo alitaka kushika kikombe mwenyewe." Kipaji ninacho, sikatai. Nilijiambia kwamba siku ikifika njaa itamfundisha. Nilipata C ya Bayolojia kidato cha nne, na hiyo C ndiyo iliyonipa ujasiri.

Jumatatu ikafika. Aliondoka alfajiri ili apitie Mukuru kwa Njenga kwa miguu na wenzake. Aliacha vikombe viwili vya maziwa vimefunikwa, vimekaa kwenye beseni la maji baridi.

"Simu zetu tunazifungia kwa makabati ya getini," akasema. "Na geti halifunguliwi mpaka jioni. Ukinihitaji, hutanipata."

"Kwani nikuhitaji kwa nini? Huyu nimemzoea."

Akambusu mtoto, akaenda bila wasiwasi hata kidogo. Hicho ndicho kitu ambacho nimeshindwa kujisamehe.

Mtoto aliamka saa mbili asubuhi. Nilimlaza, nikamimina. Ulimi ukatoka, maziwa yakarudi nje. Nikapasha kidogo, labda ni baridi. Ulimi ukatoka tena. Nikajaribu kijiko, ulimi ukakisukuma kijiko kama mtu anayefunga mlango. Kufikia saa nne kikombe kizima kilikuwa kwenye shati langu, kwenye nepi na kwenye godoro, na tumboni mwake sidhani kama kiliingia kijiko kimoja. Alikuwa amelia mpaka sauti ikakwaruza. Nilimtia kifundo cha kidole mdomoni, akakinyonya kwa nguvu za ajabu, kisha akagundua hakina kitu, akaniangalia. Sijawahi kuangaliwa hivyo na mtu mzima.

Nikapapasa nepi. Chini ilikuwa kavu. Tangu mamake atoke, kavu.

"Unamchinja mtoto ama?" Ilikuwa sauti ya shosho, bibi kizee wa mlango wa pili, ambaye ukuta wake na wangu ni mmoja, kwa hivyo hata nikipiga chafya ananiombea. Akaingia bila kungoja nimkaribishe, kanga imefungwa kiunoni.

"Amekataa kunywa, shosho."

"Tangu saa ngapi?"

"Tangu mamake atoke."

"Aii! Na si mamake aliniambia hapo kwa kamba za nguo, ati kijana anapiga kikombe kama mzee wa kilabu?"

Nikakohoa. Sikujua kwamba uongo wangu ulikuwa umeshatoka nje ukaanikwa.

"Basi ni meno," akasema. Akanawa mkono, akampitisha kidole kwenye fizi, juu kisha chini, macho yake yakitazama dari kama fundi anayesikiliza injini. Nami nikawasha tochi ya simu nichungulie. Ndani kulikuwa kwekundu na laini tupu: kaakaa lenye upinde kama tumbo la kijiko, mashavu manene yaliyojaa kwa ndani, na ulimi mfupi uliokuwa hautulii.

"Meno bado. Fizi kama andazi," akatangaza. "Hii ni kiburi. Imetoka kwa babake. Lete nimnyweshe kwa mkono."

"Kwa mkono vipi?"

"Vile tunanyweshanga. Wangu sita wote nimewapatia uji hivyo, na wote wako, mmoja hata anakunywa kupita kiasi."

Ningeuliza zaidi. Lakini ilikuwa inaelekea saa sita, kikombe kilichobaki kilikuwa kimoja, na nilikuwa tayari kumshukuru yeyote atakayenipokonya ile kazi. Nikampa mtoto. Nikampa na kikombe.

Alimlaza chali mapajani, mikono ameibana. Kiganja cha kushoto akakikunja kama bakuli chini ya mdomo, kidole gumba kikimziba pua. "Akifungua mdomo apumue, anameza," akanieleza, akamimina.

Maziwa yalijaa kwenye kiganja, yakafika kwenye midomo, yakaingia. Kilio kikakatika. Tangu asubuhi nilikuwa nimekiombea kikatike, na kilipokatika nikajua nimeomba vibaya. Mdomo ulikuwa wazi na hautoi kitu. Uso ukawa mwekundu, kisha ukaanza kuelekea rangi ambayo sitaki kuitafutia jina.

"Shosho!"

Sikumbuki nilivyomchukua. Nakumbuka nimemlaza kifudifudi juu ya mkono wangu, kichwa kikiwa chini, nampiga mgongoni kwa kiganja, mara moja, mara mbili. Mara ya tatu akakohoa. Maziwa yakatoka puani. Kisha akalia, kile kilio cha kukwaruza, na mimi nikalia pia, kwa sauti, mbele ya mwanamke anayenifahamu.

Shosho alibaki amekaa, kiganja bado kimekunjwa kama bakuli. Akasema polepole, "Wangu walikuwa na makoo ya ng'ombe." Kisha, kwa sauti ndogo zaidi, "Mpeleke hospitali."

"Nampeleka sasa. Ngoja kwanza nisikilize pumzi yake."

Nilikaa kwenye ukingo wa kitanda, nikamsimamisha kifuani mwangu, mgongo wake kwenye kifua changu, nikimsikiliza kama pumzi inakwenda sawa. Ilikuwa inakwenda. Hakuwa analia tena, alikuwa amechoka tu, macho yamefumba nusu. Kwenye mdomo wake wa chini kulikuwa na tone la maziwa limebaki.

Ulimi ukatoka. Ukaligusa lile tone, ukarudi nalo ndani. Akameza.

Ulimi ukatoka tena, ukapapasa mdomo mtupu, ukarudi.

Asubuhi nzima nilikuwa nimeuona ule ulimi ukitoka, nikasema moyoni ananikataa. Kumbe ndivyo unavyotoka kila siku kulitafuta titi: unatangulia mbele, unachukua, unarudi. Hakuna kazi nyingine ulikuwa unaijua. Mimi ndiye niliyekuwa nikimmiminia nyuma ya ulimi, mahali asipojua afanye nini.

"Shosho, nipe kikombe."

"Bado unataka kumpa?"

"Nipe tu."

Kilikuwa na nusu. Nikamweka wima kabisa, nikaegemeza ukingo wa kikombe kwenye mdomo wake wa chini, nikainamisha mpaka maziwa yakagusa mdomo, hapo nikakoma. Sikumimina. Mkono ulitaka kumimina, nikaukatalia. Tukangoja, watu wazima wawili, tumekodolea macho kitu kisichozidi urefu wa kidole.

Ulimi ukatoka. Ukakuta maziwa. Ukarudi, na kooni kukasikika kasauti kadogo. Ukatoka tena. Alikuwa analamba kama paka kwenye sahani, anapumzika, ananusa, analamba.

"Usipumue," shosho akanong'ona.

"Ni wewe unayeongea."

"Nyamaza, kichwa ngumu."

Ilichukua muda mrefu hivi kwamba mkono wangu ulikufa ganzi kuanzia kiwiko, na nilikataa kuubadilisha. Alipomaliza alilala pale pale. Saa nane nepi ilikuwa imelowa na kuwa nzito, na nimewahi kufurahia mambo mengi duniani, lakini sio kwa kiwango hicho. Sikumpeleka hospitali. Nilimwekea sikio kifuani kila mara mpaka shosho akaniambia nimwache mtoto alale, mimi si daktari.

Mke wangu alifika jioni akihema, blauzi imelowa kifuani, mfuko wa ovaroli begani. Hakuvua viatu.

"Amekunywa?"

Lile neno "amemaliza" lilikuwa tayari, limejipanga lenyewe. Nikalimeza.

"Nusu kikombe."

"Nusu tu? Na hiyo ingine?"

"Ilimwagika. Mama, hiyo nusu ndiyo ya kwanza. Ya kwanza tangu azaliwe."

Alikaa kitandani, akampa titi, na nikamweleza huku nimesimama. Sinki, jioni zote. Asubuhi, nepi kavu. Shosho na kiganja, na kwamba ni mimi niliyemkabidhi. Mtoto alinyonya kama anayekimbizwa.

"Kila jioni nilikuwa najikamua mpaka vidole vinauma," akasema mwishowe.

"Najua."

"Hujui. Ungejua hungemwaga."

Akatazama ukuta. "Kesho siendi. Hiyo cherehani wapatie mwingine."

"Sasa anajua kunywa. Haki ya Mungu."

"Uliniambia hivyo wiki mbili."

Akamtoa mtoto kwenye titi kabla hajashiba, akachukua kikombe, akajikamua upande wa pili, akaninyooshea. "Nionyeshe."

Nikamweka mtoto wima, nikaegemeza kikombe. Akageuza kichwa. Akamtafuta mamake kwa pua, akaanza kulia. Nikajaribu tena, akakigonga kikombe.

"Umeona?" mke wangu akasema, na sauti yake haikuwa ya hasira, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi.

"Ananusa maziwa yako. Toka nje."

"Nitoke kwangu?"

"Simama kwa korido, chungulia kwa dirisha. Tafadhali. Nikishindwa, sitasema lingine tena."

Akabeba mfuko wake, akatoka, akavuta mlango. Nikaona pazia likisogea kidogo upande wa korido. Nikalipa dirisha mgongo, mtoto asiuone hata uso wa mamake. Nikamwimbia upuuzi. Kilio kikapungua, kikawa kwikwi. Nikaweka ukingo kwenye mdomo wa chini, maziwa yakagusa, nikakoma.

Nilingoja mpaka mgongo ukanitoka jasho. Sikuthubutu kugeuka dirishani.

Ulimi ukatoka, ukachovya, ukarudi. Ukatoka tena.

Mtoto alikuwa amefika nusu ya kikombe niliposikia mtungi wa koridoni ukiinamishwa, maji yakiingia kwenye beseni, kisha ovaroli ya kesho ikianza kusuguliwa, kwa nguvu, kana kwamba anayesuguliwa ni mimi.