Jibu Ninalodaiwa na Mtani

Siku tulipomzika mama tulirudi nyumbani hivi: mimi, wadogo zangu watatu, mama mkubwa aliyefika kutoka Lukafu juu ya lori la makaa, jirani yetu mfanyabiashara wa Kivu aliyetuazima gari la kubebea jeneza, na bibi mmoja wa ukoo wa watani wetu. Baba alikuwa ametangulia kufa. Mishahara ya mgodini ilikuwa imekatika, maduka yamevunjwa, nami nilikwisha kuacha shule ili niuze makaa.

Kwetu Basanga, mtani ndiye anayewatoa wafiwa kwenye kilio. Anawatukana, wanamjibu, watu wanacheka, kisha jiko linawashwa tena. Bibi aliketi mlangoni na mwiko wa mama mkononi, akaanza kwa Kisanga: sisi ni nyani, na mama amekufa ili apumzike kupikia walafi. Nilielewa yote. Watu wakanigeukia, kwa kuwa mimi ndiye mkubwa. Lakini wazazi walisema Kisanga wao kwa wao; sisi walitusemesha Kiswahili.

"Mutoto mukubwa, ulimeza ulimi?"

"Bibi, nasikiaka tu. Kusema, hapana."

"Eh! Masikio ya kwetu, kinywa ya soko!"

Watu walicheka, isipokuwa mama mkubwa. Bibi akanipa mwiko. "Pikeni, musikufe njaa. Lakini jibu yangu iko kwako. Utanilipa siku ya matanga yangu. Ukishindwa, bajukuu yangu bataita batoto yako banyani mpaka mwisho."

Mama mkubwa alikaa nasi hadi mahindi ya nyuma ya nyumba yakakomaa. Aliyeomba bukari, ugali wetu, kwa Kiswahili alipewa maji. Mdogo wetu wa mwisho, mlafi kweli, alijua kuomba kabla yetu sote. Hadi leo nikisonga bukari namsikia mama mkubwa akigonga sufuria: "Sema tena. Unga haisikie Kiswahili."

Nilipopata watoto wangu niliwawekea sheria hiyohiyo kila Jumamosi. Walinuna, wakaomba maji, mwishowe wakaomba bukari. Nami jibu la bibi nililitengeneza polepole, nikijaza magunia ya makaa, nikicheka peke yangu.

Bibi alifia Kilwa, kule ziwani, kwa mwanawe. Mvua ilikuwa imekata barabara, hivyo matanga mengine yakawekwa hapa mjini, kwa mjukuu wake. Nilisimama mlangoni pake na watoto wangu, nikalitoa jibu lote kwa Kisanga: kwamba nyani ndio waliomnyonyesha bibi yao, kwamba hata Kilwa samaki walikimbia aliponawa miguu. Watoto wangu walicheka mahali pake hasa. Mjukuu akanitazama kwa heshima.

"Mama, unatubariki?"

"Nakutukana, mwanangu."

"Aa! Tukana polepole, nisikie."

Uwanja mzima uliangua kicheko, naye akacheka kwa kuwa wengine walicheka. Nilirudi nyumbani na jibu langu. Tusi lisilomfikia mtani halilipi kitu.

Sasa kila Jumamosi mjukuu huyo anakuja na sahani yake na watoto wake wawili, anakaa kati ya wangu. Nikishika mwiko nahisi mama mkubwa yuko nyuma yangu. Juzi aliomba bukari vizuri kwa Kisanga, bila kusaidiwa, nikampakulia tonge kubwa. Kisha nikamtupia tusi dogo, la kuanzia.

Akaniitikia, "Asante, Mama."